Wafanyakazi wa Ndani ya Chungu

Mwalimu wa Sayansikimu alifundisha watoto wa watu kubisha hodi, lakini yeye mwenyewe hakubisha. Adabu za nyumbani zilikuwa ndani ya somo lake, alizisomesha vizuri na kuzitungia maswali ya mtihani, ila akiwa na jambo la kusema mlango kwake ulikuwa kitu cha kusukuma tu. Asubuhi moja niko darasa la saba, napambana kufundisha ngeli, mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa pale na aproni yake nyeupe, uso unang'aa, kidole kimoja juu.

"Mwalimu! Wameanza!"

Nilidhani ni mgomo. Miaka ile ya tisini walimu hatukukosa uvumi wa mgomo. Nikamwuliza ni akina nani walioanza.

"Wafanyakazi wangu! Wanapumua! Si ukuje uone mapovu!"

Nilikwenda, ningefanyaje? Nilikwenda na darasa zima nyuma yangu, ngeli tukaziacha ubaoni zikingoja. Tukajipanga kuzunguka chungu kilichokuwa sakafuni katika chumba chake cha mapishi. Ndani yake kulikuwa na majani ya kunde yaliyozama katika maji yake, na katikati ya maji hayo vipovu vidogo vikapanda kimoja kimoja, vikapasuka, vikafuatwa na vingine. Moto haukuwapo. Jiko lilikuwa baridi tangu jana. Watoto waliinama karibu zaidi, na mimi pia niliinama, na yeye akatutazama mmoja mmoja kama mama aliyetuonyesha mtoto mchanga.

Jina lake nitaliacha, kwa kuwa hata wakati ule hakuna aliyelitumia. Shuleni aliitwa Madam, sokoni aliitwa Madam, hata kondakta aliyekuwa akimwuliza nauli alimwita Madam. Mimi nilikuwa Mkuria wa Ntimaru, Mkatoliki, niliyepangiwa shule moja nje kidogo ya Rongo, na nyumba zetu za walimu zilishikana ukuta. Dholuo yangu ilitosha kusalimia na kununua samaki, basi. Kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili, changu cha vitabuni na chake cha kupakwa Dholuo pande zote, na tuliteta na kucheka katika lugha hiyo kwa miaka mingi.

Ninamkumbuka kwa mengi. Lakini watu wa Rongo wa wakati ule wanamkumbuka kwa jambo moja: ndiye mwanamke aliyeambiwa na kanisa lake achague, meza ya Bwana au vyungu vyake. Wanaolisimulia huliona la kuchekesha, na mimi pia nimelicheka sana. Kwake halikuwa mchezo hata kidogo. Kanisa lilikuwa uhai wake, na vyungu vilikuwa uhai wake, na hakuwa na uhai wa tatu wa kukimbilia.

Nianze na vyungu, maana yeye angetaka nianze navyo.

Unachukua majani ya kunde, yale ambayo Waluo huyaita boo. Unayaosha, unayaacha yanyauke kivulini, unayakata, kisha unayafinya na chumvi mpaka yatoe maji yake yenyewe. Unayashindilia chunguni. Juu unaweka kisahani, na juu ya kisahani jiwe la mtoni lililochemshwa, ili majani yasielee. Kwa kuwa kunde haina utamu wa kutosha kuwalisha wafanyakazi, Madam aliwaongezea kipande cha sukari nguru, ile nyeusi inayopikwa kwa miwa ya upande wetu. Hakuna moto wala siki. Baada ya siku chache maji yanatoa mapovu, harufu inageuka, na majani yanakuwa makali kwa namna inayouchokoza ulimi na kuuita urudi tena. Na hayaozi! Katika nchi ambayo samaki wa asubuhi jioni hanusiki, majani yale yalikaa chunguni mpaka msimu ukageuka.

"Hawa bakteria wako kwa jani tangu shambani," aliwaambia watoto, akitembea huku na huku, maana hakujua kufundisha amesimama. "Hukuwanunua. Hukuwaita. Wako tu, wanangoja kazi. Wewe unaweka chumvi. Chumvi inafukuza wale wabaya, lakini hawa wetu wanaivumilia. Wanakula ile sukari, wanatoa asidi. Sasa yule wa kuozesha akikuja, anapiga hodi, anapata nyumba imekuwa kali. Anafanya nini?"

"Anarudi kwao!" watoto wanapiga kelele.

"Anarudi kwao!"

Akina mama wa pale walikuwa na desturi yao ya siku nyingi: dek, ule mgagani mchungu, huchemshwa, hutiwa maziwa chunguni na kulazwa mpaka uchungu upungue na ladha ya ugwadu iingie. Madam aliipenda desturi ile na kusema ni wafanyakazi wale wale. Kilichomuuma ni mboga za mvua. Mvua zikinyesha kunde hujaa mpaka hazina mwenyewe, na jioni soko likifungwa wanawake walimwaga mafungu yaliyonyauka mtaroni. Kisha Januari inafika, jua linachoma, na watoto wanakuja shule wamekula ugali na maji ya chumvi. Aliwajua kwa macho. Aliniambia siku moja, "Mwalimu, mboga tunamwagia kuku, halafu mtoto analala njaa miezi mbili baadaye. Si huu ni wazimu?" Ndiyo maana hakuchoka. Kila Alhamisi alinunua mafungu yaliyobaki, akayabeba mwenyewe kichwani, mwalimu mzima na viatu vyake vya turubai vilivyopakwa chokaa, akayashindilia katika vyungu vya shuleni na vya nyumbani kwake. Kiangazi kikifika aliwapakulia watoto wa darasa lake mboga hizo mchana, na hakuna aliyekosa shule siku ya mboga.

Sasa mtu anayelea bakteria ungedhani ni rafiki wa uchafu. Lo! Sijapata kuona mtu anayeogopa uchafu kama yule mama. Alikagua kucha za watoto kila Jumatatu, na alikagua zangu kila nilipoingia jikoni kwake, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja, na akayatazama kwenye jua kama bado ana shaka nayo. Kipindupindu kiliposikika upande wa ziwani, aliweka ndoo na sabuni mlangoni pa ofisi ya walimu na kumsimamisha Mwalimu Mkuu hapo mpaka anawe. Nilipomwuliza inakuwaje aue wadudu kwa mkono mmoja na kuwafuga kwa mkono mwingine, alinitazama kwa huruma.

"Kwani wewe watu wote ni sawa? Kuna mtu unamfungulia mlango, kuna mtu unamfungia. Wadudu pia ni hivyo. Akili ni kujua nani ni nani."

Tulikuwa na ugomvi wetu wa kudumu, wa vinywaji. Yeye Msabato, chai hanywi, kahawa hanywi, na pombe hata harufu yake ilimtia kichefuchefu. Ukimtembelea alikupa maji ya moto yenye mchaichai na kukutazama mpaka umalize. Mimi jioni ya mwisho wa mwezi nilipenda chupa yangu moja, wakati mwingine na mwenzake. Aliniita "ndugu yangu wa chupa," nami nilimwambia kwamba anachokifanya chunguni ni shangazi wa pombe, hawatofautiani sana. Neno hilo lilimkera kweli! "Pombe ni kazi ya hamira! Hawa ni ukoo mwingine!" Na angenieleza koo zote hizo mpaka chakula changu kipoe.

Cha ajabu ni kwamba somo la wafanyakazi wale ni subira, na subira hakuwa nayo hata ya dawa. Alikuwa anafunua. Asubuhi kabla ya kengele anafunua. Mapumziko anafunua, anabonyeza jiwe kwa kidole, ananusa, anaonja, anafunika. Mchana vivyo hivyo. Hata Sabato, kanisani, alikaa karibu na mlango, na mahubiri yakifika katikati ungemwona anateleza nje, maana kanisa lilikuwa ng'ambo tu ya uwanja wa shule. Baadhi ya vyungu vyake vilitoka vizuri ajabu. Vingine viliota utando mweupe juu, wenye manyoya, na kunuka. Hapo alihuzunika kama mtu aliyefiwa. Alilaumu chumvi, akalaumu jiwe, akalaumu maji ya kisima. Siku moja alinilaumu mimi, eti nilipita karibu na chungu nikiwa nimetoka baa.

Na sasa nifike kwenye lile jambo.

Chungu kinachotoa mapovu gizani, kimefunikwa, nyumbani kwa kiongozi wa Dorkasi, yaani wale wanawake wa kanisa wanaohudumia maskini na wagonjwa: hebu fikiria mdomo wa watu utakifanya nini. Harufu ya ugwadu ilipita chini ya mlango, ikavuka uwanja. Ikasemwa kwamba Madam anapika busaa, ile pombe ya nafaka. Walioisema hawakuwa wabaya; katika maisha yao yote kitu kilichochemka bila moto kilikuwa kitu kimoja tu. Habari ikamfikia Mzee wa Kanisa.

Mzee wa Kanisa alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekuja na baiskeli na kuiegemeza ukutani taratibu kana kwamba inaumwa. Alikuja Jumapili mchana. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kuazima pasi, na Madam akaniambia nikae niwe shahidi, kwa kuwa hakuwa na cha kuficha. Kweli hakuwa na cha kuficha. Tatizo lake lilikuwa hilo.

Mzee hakuzunguka. "Dada, nimesikia mambo. Sikutaka kuyaamini. Nimekuja nione na macho yangu."

"Karibu, Mzee. Nawa mikono."

Alimpakulia kwenye kisahani. Mzee akatafuna amefumba macho, polepole, na mimi nilijikuta nimeshika pumzi kwa ajili ya kanisa lisilo langu. Akameza. Akafumbua macho.

"Hii si pombe," akasema. "Ongeza kidogo."

Furaha iliyomwingia Madam! Alipakua mpaka kikafurika. Na mambo yangeishia hapo, watu wangeshikana mikono na baiskeli ingeondoka, kama Mzee asingeuliza swali moja, tena kwa kupenda kujua tu.

"Sasa inachemka aje bila moto?"

Ah, ungemwuliza mtu mwingine! Madam alivuta pumzi, akapandisha mikono ya nguo.

"Ni wafanyakazi wangu, Mzee! Bakteria! Viumbe hai, wadogo, jicho haiwezi kuona. Mamilioni! Na wanachapa kazi, yawa! Mchana na usiku. Hawalali, hawachoki, hawaombi mshahara!"

Mzee aliacha kutafuna. "Mchana na usiku."

"Mchana na usiku!"

"Na Sabato?"

Nikaona mdomo wa Madam unafunguka, na nikaona ameliona shimo. Angeweza kusema hajui. Angeweza kukohoa. Lakini uwongo haukuwa na nafasi ndani ya mama yule.

"Na Sabato," akasema, sauti imeshuka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu na jibu nusu lilimwasha, akaongeza, "Hapo hasa ndipo wanakazana. Nashindilia Alhamisi, kwa hivyo Jumamosi wamepamba moto."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mzee aliweka kisahani mezani.

"Dada, amri inazuia mtu kufanya kazi, na watoto wake, na watumishi wake, na hata mnyama wake. Wewe mwenyewe umeniambia hawa ni hai. Wewe mwenyewe umeniambia ni wafanyakazi wako."

Mimi mpenda ubishi sikuweza kunyamaza. "Mzee, na ng'ombe wako? Ijumaa jioni anaacha kutengeneza maziwa?"

Alinigeukia bila hasira yoyote. "Ng'ombe wangu siku hiyo namwachilia alale malishoni, mwalimu. Simfungi ndani ya chungu na kumwekea jiwe."

Mpaka leo sina uhakika kama nina jibu lake.

Wiki zile Rongo ilichangamka! Sijaona mji ukisisimkia elimu ya viumbe namna ile. Kwenye mashine ya kusaga, kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, watu walibishana: je, bakteria wanashika Sabato? Mmoja alisema tumbo la mtu pia linasaga chakula siku hiyo na hakuna aliyelifukuza kanisani. Mwingine alisema tumbo ni la Mungu, chungu ni cha Madam. Mwingine akakumbusha kwamba hata maji ya zabibu ya meza ya Bwana kwao hayachachuliwi, na chachu katika Maandiko mara nyingi haisemwi kwa wema. Watoto wangu wa darasa la saba waliandika insha kuhusu suala hilo bila mimi kuwaomba, na zilikuwa insha bora kuliko zote walizowahi kuniandikia.

Baraza la kanisa likakaa, likaamua kwa upole lakini likaamua. Mwisho wa robo, waumini wanapooshana miguu na kula pamoja meza ya Bwana, Madam awe ameviondoa vyungu. Asipoviondoa, atauacha uongozi wa Dorkasi na hatakaribia meza.

Jioni ile alikuja kwangu, na kwa mara ya kwanza alibisha hodi. Hilo lilinitisha kuliko maneno. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Mwalimu, mimi bila ile meza ni nani? Niambie." Akavuta kanga mabegani. "Na nikimwaga vyungu, Januari nitaangalia wale watoto kwa uso gani?"

Niliumia. Nilimpenda jirani yangu, na nilimwona amekwama mahali ambapo kila upande ulikuwa wa haki. Kwa hiyo nilimpa ushauri wa kipumbavu kadiri ya uwezo wangu. Nilimwambia alete vyungu kwangu, afiche chini ya kitanda. Mimi ni Mkatoliki, kwangu wafanye kazi hata Pasaka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na nadhani si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko.

"Wewe ni jirani mzuri na Mkristo mbaya," akasema, akaenda kulala.

Kabla robo haijaisha, uhamisho wangu ukatoka. Nilirudishwa upande wa kwetu, Ntimaru, na niliondoka nikiwa nimeketi juu ya godoro langu nyuma ya pikapu, namtazama Madam akipunga mkono mbele ya nyumba. Simu hazikuwapo za kubeba mfukoni. Nilichopata baada ya hapo ni habari za wafanyabiashara wanaopita, na kila mmoja alikuja na yake. Mmoja alisema Madam amemwaga vyungu vyote na hacheki tena. Mwingine aliapa kwamba ameacha kanisa, anauza mboga kwa debe. Wa tatu alisema amestaafu, amehamia Lambwe. Nilikaa na habari hizo tatu kwa miaka, na kila nilipokula kunde niliudhika kwamba sijui mwisho wake.

Karibu na mwisho wa muongo ule niliitwa kwenye semina ya walimu Homa Bay. Ilipokwisha, Jumamosi mchana, sikurudi nyumbani. Nilishika njia ya bonde la Lambwe, nikauliza nyumba hadi nyumba, na haikuwa kazi ngumu. Unamuuliza mtu, "Kuna mwalimu mstaafu hapa, mwenye vyungu?" Mtu anacheka na kukuonyesha kwa kidole.

Nilimkuta barazani, ametoka kanisani, nguo nyeupe bado mwilini. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Alinikumbatia, akasema "Ero kamano, ero kamano," akinishukuru kwa kuja, akanivutia kiti, kisha yeye mwenyewe akakaa. Akakaa! Mikono juu ya mapaja, imetulia. Nilimtazama kwa dakika kadhaa nikingoja ainuke, na hakuinuka. Nikaingiwa na hofu.

"Madam, unaumwa?"

"Niko Sabato," akasema, na akatabasamu.

Kutoka pale nilipokaa niliweza kuona mlango wa jiko, na ndani yake vyungu vimejipanga ukutani, vifuniko vimefungwa kwa vipande vya kitenge. Basi vipo! Sikuweza kujizuia. Nilimwambia nimesafiri na swali hilo kwa miaka: alichagua nini?

"Nilimwaga," akasema.

Moyo wangu ulishuka.

"Chungu moja. Ngoja, Mwalimu, usinune, sikiza." Na hapo Madam wangu akarudi, sauti ikapanda, macho yakawaka, ingawa mikono aliizuia pale pale. "Ilikuwa Ijumaa, kesho yake ndiyo kuoshana miguu. Nimelia, nimeomba, nimesema Bwana, mimi ni wako, wacha hii kitu iende. Nikaanza na ile chungu ilikuwa mbaya kuliko zote. Ile yenye manyoya juu, nilikuwa nimeikatia tamaa. Nikaibeba nyuma ya nyumba, nikaipindua. Ikatoka uchafu, kuku wenyewe wakakimbia. Halafu, Mwalimu! Halafu ikatoka ya chini!"

"Ikoje?"

"Kijani! Safi! Imekaza, kali, tamu, hata yenye nilikuwa nasifu haifikii! Nilichuchumaa pale kwa kuku nikakula na mkono, nikiwa nalia. Unaelewa? Juu, penye mkono wangu unafika kila saa, pameoza. Chini, penye sikuweza kufika, walikuwa wanafanya kazi yao vizuri. Kumbe ni mimi! Hawa hawataki hewa. Nilifundisha watoto hiyo miaka yote, nikaweka kwa mtihani. Ukungu ndio unataka hewa, na hewa analeta nani? Mimi! Nafunua, nachungulia, naonja, nabonyeza. Hawakuwa wanahitaji mimi niamke usiku. Walikuwa wanahitaji niwaache."

Hakumwaga vyungu vingine. Alioga, akavaa nguo safi, akaenda kwa Mzee wa Kanisa jua likiwa bado juu kidogo. Akamwambia hajawafukuza wafanyakazi, amejifukuza yeye. Tangu jua la Ijumaa hadi jua la Jumamosi hatagusa, hatafunua, hatachungulia. Wao watakuwa kama mbegu iliyo udongoni, na yeye atakaa. Kama hiyo bado ni dhambi, amwambie waziwazi, na kesho asimtafute mezani.

"Akasema nini?"

Madam aligeuza uso kuelekea njia aliyotokea kanisani.

"Aliniambia, 'Dada, unajua ni mara ngapi umetoka katikati ya mahubiri?' Nikasema sijui. Akasema, 'Mimi najua, kwa sababu mimi ninakaa mbele na ninaona mlango. Hao wadogo sikuwa na shida nao sana. Nilikuwa natafuta wewe ukae chini.'"

Nilimkumbuka Mzee yule na ng'ombe wake wa malishoni, na nikaona aibu kidogo kwa jinsi nilivyojiona mjanja siku ile. Kesho ya Ijumaa ile Madam alioshwa miguu, na meza alikula. Dorkasi aliongoza mpaka akastaafu, na wanawake wake walikwenda nyumba kwa nyumba na chumvi na sukari nguru, wakishindilia kunde za mvua. Mzee mwenyewe alikuja kuomba chungu. Mke wake ndiye aliyekataza kisifunguliwe kabla ya wakati, kwa sababu mzee, kumbe, naye ni mchunguliaji.

"Na sasa mkono haukuwashi?" nikamwuliza.

"Unawasha! Adier, unawasha! Kuna moja pale nilishindilia wiki iliyopita, nimeweka dek badala ya kunde, sijui imekuwa aje. Tangu jana nasikia inaniita."

"Tuifungue basi!"

Akanionyesha jua kwa kidevu. Lilikuwa limebakiza mkono mmoja juu ya milima ya Gwasi. Tukakaa. Naapa sijawahi kuona jua zembe kama lile. Nilikunja miguu, nikaikunjua, nikatazama jikoni, nikatazama mlima, nikatamani nilisukume. Yeye alikaa tu, uso wake kwenye mwanga, mtulivu kama maji ya mtungi, akiniuliza habari za Ntimaru na bei ya mahindi mpakani. Jua likagusa mlima. Likawa nusu. Likawa kipande chembamba chekundu, kisha halikuwapo.

"Tufunge Sabato kwa maombi," akasema, na akafumba macho, nami nikafumba yangu. Alishukuru kwa siku, kwa mgeni, kwa mapumziko. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwa Msabato. Nikasema Amina, nikafumbua macho, na kiti chake kilikuwa kitupu.